Mkaguzi wa Chupa

Wahenga walipotaka kusema jambo hawakulivika kanzu. Walisema mficha uchi hazai, yaani mtu akiionea haya shida yake, hakuna atakayemsaidia kuitatua. Aliyeyaonja hayo ni mkaguzi mmoja wa chupa.

Alikuwa mgeni katika nchi ile, na kibali chake kilimruhusu kufanya kazi katika kiwanda kimoja tu cha vioo. Siku ya kwanza alisimama mbele ya tanuru akasahau kufumba mdomo. Mchanga, ule ule unaokanyagwa na mbuzi, uliingia upande mmoja. Upande wa pili zikatoka chupa nyekundu kama makaa, zikiandamana kama siafu, na zilipopoa zikawa angavu kama maji ya chemchemi.

"Mungu ana mafundi!" alinong'ona.

Kazi yake ilikuwa kuzitazama chupa mbele ya taa kubwa na kuiondoa kila yenye ufa. Wenzake walimwita Jicho, kwani hata ufa mwembamba kama unywele haukumpita.

Lakini Jicho naye alikuwa na ufa wake. Namba ya mlipakodi aliyoiomba ilikuwa haijatoka, na shemeji yake, aliyemhifadhi sebuleni kwake, akamtia hofu.

"Bila namba hakuna mshahara, shemeji. Tena ukijitangaza, watakurudisha kwenu mchana kweupe."

"Sasa nifanyeje?"

"Kaa kimya kama maji ya mtungi."

Akakaa. Siku ya mshahara, mhasibu alipomwita kwa kipaza sauti, Jicho alijifungia chooni. Mwezi wa pili akarudia yale yale. Wakati wa chakula alikunywa maji tu.

"Tumbo linanisumbua, mzee," alimwambia msimamizi.

"Tumbo gani hilo linalouma saa ya kula tu?"

Mwisho shemeji akaja na habari. "Kuna jamaa anatafuta mtu wa kuosha magari. Pesa mkononi, haulizi maswali. Achana na kiwanda."

Jicho alijua kwamba akikamatwa huko atafukuzwa nchini, na mkewe na watoto waliokuwa wakingoja kumfuata wasingeikanyaga nchi hiyo kamwe. Lakini mwenye njaa hana miiko. Akakubali kuanza Jumatatu.

Ijumaa, mbele ya taa, aliona chupa yenye ufa kitakoni. Akaitoa.

"Hiyo ingemkata mtu mkono," msimamizi alisema nyuma yake. "Afadhali imeonekana hapa."

Jicho akabaki ameishika, mwanga ukipita ndani yake. Kisha akamgeukia msimamizi.

"Mzee, mimi sina namba ya kodi."

"Kumbe ndilo tumbo lenyewe hilo!" Msimamizi akamshika mkono hadi kwa mhasibu.

"Ndiwe wewe!" mama huyo alifoka. "Nakuita hadi sauti inanikauka! Nikadhani tumeajiri tajiri."

"Namba haijatoka, mama."

"Stakabadhi ya maombi unayo?"

Jicho akainama, akaitoa ndani ya soksi. Mhasibu akaipokea kwa ncha za vidole.

"Inanuka, lakini inatosha. Aliyefanya kazi hulipwa. Kwa sasa nitakukata kodi kubwa zaidi; namba ikija, kilichozidi utarudishiwa."

"Hamnirudishi kwetu?"

"Tukurudishe, chupa akague nani?"

Jicho alitoka na mshahara wa miezi miwili. Mlango alioudhani wa chuma ulikuwa pazia tu! Akampigia mkewe.

"Mama watoto, nimelipwa."

 Vikasikika vigelegele vilivyomfanya aiweke simu mbali na sikio. Shemeji naye akaambiwa atafute mwosha magari mwingine.

Jicho akarudi mbele ya tanuru, akasimama kama siku ile ya kwanza. Mchanga ulikuwa ukiingia gizani, chupa zikitoka zinawaka, na kila moja ilipita mbele ya taa bila kuona haya. Akatikisa kichwa kwa mshangao. Ama kweli, mficha uchi hazai.