Ndala Mlangoni kwa Bi Saumu

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzijuzi tu, Bi Saumu fundi cherehani aliamka akakuta dirisha limevunjwa na cherehani haipo. Idi imebaki siku tatu! Akakaa chini akalia, maana cherehani ile ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe tangu afiwe na mumewe.

Chini ya dirisha, kwenye tope, mwizi aliacha unyayo mmoja wa ndala iliyomegeka kisigino. Bi Saumu akaufunika kwa beseni, akaapa: "Wallahi, atakayenirudishia cherehani yangu, nitaishonea nyumba yake nzima nguo za Idi. Nyumba moja tu, kwa mbili siku hazitoshi."

Jirani yake Mwanamkasi akapiga ukunga, akakitangaza na kile kiapo. Lo! Mtaa mzima ukamwagika. Waliokuwa wakisukwa walikuja na nywele nusu. Kila mtu: "Pole, Bi Saumu. Hebu funua beseni nichungulie kidogo." Wifi yake, Bi Riziki, akasimama kizingitini: "Pole ndani, ndala nje! Mkeka nimeuosha jana." Wakavua, wakaingia, wakanywa kahawa, wakamsimulia mwenye nyumba jinsi alivyoibiwa.

Wakati wa kutoka, Ngwali muuza maandazi akavaa ndala za kwanza alizoziona. Badala ya kwenda zake, akazunguka dirishani kuchungulia tena. Alipokanyaga tope, Bi Saumu akaona kisigino kilekile.

"Mwizi huyu!"

Ngwali akala makofi matatu kabla hajafungua mdomo. "Jamani, si zangu! Mbona zinanibana?"

"Kila mtu avae zake," akasema Bi Riziki. Wakavaa. Mlangoni zikabaki za Ngwali tu, na peku akabaki Kombo, yule aliyetoa pole mara nne.

"Mimi nilikuja pekupeku," akasema.

Njia nzima tope, na miguu yake safi hadi kuchani! Wakamsindikiza kwake, akarudi na cherehani kichwani.

Bi Saumu akacheka, akalia, akachukua futi apime. Hapo kasheshe ikaanza.

"Nisingepiga ukunga, Kombo angekuja kutazama nini?" akasema Mwanamkasi.

"Na nisingewavua ndala, mngemjulia wapi?" akadakia Bi Riziki.

"Makofi kala nani?" akalalama Ngwali. "Shavu linawaka mpaka sasa!"

Kombo naye, hana haya: "Samahani, Mama. Umeapa atakayeirudisha. Shingo inayouma ni yangu."

Watu wakaangua kicheko, lakini Bi Saumu hakucheka. Kiapo ni kiapo, na jua linapanda.

Haya, nyie hodari wa kuhukumu ya wenzenu: cherehani moja, siku tatu. Je, ashonewe nani?