Jogoo Aliyetangulia Tanga

Hii nimeletewa na shemeji yangu asubuhi, nikaisoma mara mbili. Ukiimaliza, mpelekee yule ndugu yenu anayejua kila kitu. Kila ukoo unaye mmoja.

Pale Same palikuwa na mwalimu wa hisabati aitwaye Mbonea. Baba yake alikuwa fundi mwashi, mtu wa kipato cha kubahatisha, lakini kila Desemba aliipakia familia nzima kwenye treni, mke na watoto watano, wakaenda Tanga kuiona bahari. Siku nne. Mama amekaanga maandazi ya njiani, chupa ya chai imeviringishwa kwenye khanga, watoto wanagombania dirisha. Mpaka leo Mbonea akisikia harufu ya iliki anaiona ile treni.

Na kila mwaka, wiki kadhaa kabla ya safari, jogoo mkubwa wa pale nyumbani alitoweka.

"Baba, jogoo yuko wapi?"

"Ametangulia Tanga," baba anajibu, uso mkavu.

Basi watoto wakifika Tanga wanamsaka jogoo kila uchochoro. Hawakumwona hata mara moja, na hawakuchoka kumtafuta.

Majirani walikuwa wakimuuliza fundi anawezaje. "Safari yangu naipanga mwenyewe," alijibu kwa kujidai. Maneno hayo Mbonea akakua nayo.

Miaka ikaenda, baba akafariki, watoto wakatawanyika. Pasaka moja mama yao, Bi Nakijwa, ambaye sasa ana miaka sabini na nane, akamwambia Mbonea, "Magoti yananiaga, mwanangu. Kabla hayajakataa kabisa nataka nitie miguu baharini tena, wajukuu wangu wakiwepo. Baada ya hapo sidai kitu."

Mbonea akalibeba jambo hilo moyoni. Dada yake akamshauri amwone Bi Saumu, wakala wa safari mwenye kiofisi karibu na stendi, mama wa Kitanga. Akaenda, lakini shingo upande.

Bi Saumu hakumwonyesha picha wala bei. Aliuliza, "Mama anapanda ngazi? Mtoto gani anatapika garini? Na huko Tanga mnataka kufanya nini hasa?"

Mbonea akaona anapotezewa muda. "Kwani dada, wewe unalipwa kwa maswali?"

"Nalipwa, Mwalimu, japo si nyingi. Ndiyo kazi yenyewe."

"Baba yangu alikuwa mwashi, na hakuwahi kumlipa mtu ampangie safari." Akainuka, akaaga.

Mtu akishajiona mjuzi, jamani, utamwambia nini. Akakaa na simu yake, akapekua weee, mpaka akapata nyumba ya wageni ya bei ya chini, na kwenye picha maji ya bahari yamefika hadi ngazi za mlangoni. Akalipa palepale, akajipongeza.

Mwisho wa Juni wakafika Tanga, watu tisa. Bahari haikuwepo. Mbele ya nyumba lilitanda tope jeusi, kaa wanakimbizana, na maji ni mstari mwembamba kule mbali. Baadaye maji yalisogea kidogo, yakaishia katikati ya tope, yakarudi.

"Mmekuja siku za maji mafu," mlinzi akamweleza kwa huruma. "Wiki ijayo ni bamvua. Maji yatajaa mpaka hapa mlangoni, kama kwenye picha."

Wiki ijayo shule zinafunguliwa. Mbonea, mtoto wa milimani, alidhani bahari inakaa mahali pake kama mlima. Alitafuta ufukwe mwingine, ule wa mchanga, lakini kuufikia ni kushuka ngazi za mawe. Mama alishuka tatu, akaomba arudishwe. Siku zilizobaki alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki, anayatazama maji asiyoweza kuyafikia. Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza mwanawe kuliko yote.

Siku ya kuondoka, wakifunga mizigo, mama akauliza polepole, "Hivi jogoo ulimpelekea nani?"

"Jogoo gani, mama?"

"Jogoo wa safari. Baba yenu kila Novemba alimpelekea Bwana Shemdoe, karani wa pale stesheni. Mzaliwa wa Tanga yule. Ndiye aliyemwambia bamvua linaangukia tarehe gani, wapi pa kulala pasipo na gharama, na nani wa kumsalimia tukifika. Wewe ulidhani baba yako aliyajulia wapi hayo, na kwao ni Usangi, milimani?"

Mbonea akakaa juu ya begi. Miaka arobaini alimsifia baba yake kwa kutomtegemea mtu. "Mbona alisema anaipanga mwenyewe?"

Mama akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. "Baba yako alipenda sifa, mwanangu. Lakini mjinga hakuwa."

Siku hiyo Mbonea alimkumbuka baba yake, akatamani angekuwepo, na yeye amcheke mwanawe.

Novemba ilipofika, Bi Saumu alimwona mwalimu anaingia ofisini na kikapu, kichwa cha jogoo kimechomoza. Mbonea akaomba radhi. Mwenye ofisi akamtazama jogoo, akamtazama mwalimu.

"Malipo yangu yako palepale," akasema. "Huyu nampokea kwa yale maneno ya siku ile. Haya, kaa. Tuanze na magoti ya mama."

Hoteli kubwa hakumuuzia. Aliwatafutia vyumba vya chini kwa nesi mstaafu, hatua chache kutoka mteremko wa mchanga, siku za katikati ya wiki mwezi Desemba, bei ikiwa chini na bamvua likiwa limeanza. Ukijumlisha na malipo yake, gharama haikuzidi ile ya Juni.

Siku waliyofika, saa kumi alasiri, maji yamejaa, Bi Nakijwa aliingia baharini, mjukuu huku na mjukuu huku, khanga imelowa mpaka magotini. Alisimama humo muda mrefu, analitaja jina la mumewe.

Binti mdogo wa Mbonea akaja kumvuta baba yake shati. "Baba, jogoo wetu mkubwa alikwenda wapi?"

Mbonea akaukausha uso. "Alitangulia Tanga. Hebu kamtafute."

Mtoto akatimua mbio mchangani, anamwita jogoo. Kule majini, mama akageuka na kumtazama mwanawe, akacheka kama alivyokuwa akicheka ndani ya treni.

Funzo: Tunazikumbuka safari walizotupeleka wazazi, tunasahau kwamba na wao waliuliza kwa wanaojua. Kumlipa anayejua si kushindwa. Ila kabla hujampa pesa yako, msikilize kama anaanza kuuliza habari za watu wako au za mfuko wako.