Kiboko Acheza na Mgomba

"Nije na ngano?"

"Njoo nayo!"

"Niiweke wapi?"

"Masikioni mwetu!"

Haya, sogeeni.

Hapo kale, wanyama walipovuna mtama walipika chungu kimoja kikubwa. Kabla ya kula walicheza ngoma, wawili wawili. Kila jozi ilishika ukanda wa jani kavu la mgomba, huyu ncha hii, yule ncha ile. Ukivuta, kwachu! Umekatika, kaeni chini. Jozi ya mwisho kubaki na ukanda mzima ndiyo iliyopakua kwanza, kadiri ipendavyo.

Kiboko alitaka sana kupakua. Na kadiri apendavyo Kiboko ni chungu kizima. Lakini kila akicheza: tii, tii, kwachu!

Aliyecheza laini kuliko wote ni Mama Digidigi, mdogo, miguu kama vijiti. Mtoto wake wa mgongoni alikuwa mwepesi wa kuamka, kwa hiyo mama alizoea kutembea bila kumtikisa.

Kiboko akamwendea. "We Mama Digidigi! Mwaka huu unacheza na mimi. Ukanda ukikatika, nakukanyaga."

"Na usipokatika, baba, mwanangu atakula?"

"Atalamba mwiko."

Mama Digidigi akachana ukanda, akampa ncha moja. "Haya. Kunja magoti. Usivute, usisukume. Sikiliza mkono wangu."

Tii, tii, kwachu!

"Legeza mabega, baba. Pumua."

Tii, tii, kwachu!

"Sasa fumba macho. Ukikitazama chungu, miguu inakimbilia huko."

Kiboko akafumba. Chwa... chwa... chwa... Ukanda mzima!

"Ala! Kumbe mimi ni mwepesi!"

"Kama unyoya, baba. Usifumbue mpaka ngoma inyamaze."

Siku ya sherehe, Kanga akapiga ngoma: dundu, dundu, dundu. Kiboko akafumba macho. Chwa, chwa, chwa. Mama Digidigi akamwongoza polepole hadi kando ya uwanja, akafunga ncha yake ya ukanda kwenye jani la mgomba. Upepo ukavuma. Mgomba ukayumba, Kiboko akayumba.

"Mwenzangu, leo umekuwa laini kweli!"

Mgomba ukajibu: shwaaa.

Wengine wakakata kanda zao makusudi, kwachu, kwachu, wakaketi. Mama Digidigi akapakua. Wote wakala. Mtoto akala mpaka akasinzia na tonge mdomoni. Kanga akapiga ngoma kwa bawa moja, akala kwa jingine. Wakakomba chungu, wakakiosha, wakakiinamisha. Ndipo ngoma ikanyamaza.

Kiboko akafumbua macho. "Ukanda mzima! Tumeshinda! Chakula kiko wapi?"

"Mshindi ameshapakua, baba," akasema Mama Digidigi. "Kadiri nipendavyo."

"Nitakukanya..." Kiboko akautazama ukanda. Haukukatika hata uzi. Akainua mguu, akaushusha taratibu, chwa, akaenda zake mtoni. Wanasema hajawahi kutembea vizuri vile.

Mafunzo yake, watoto: msijifunze kucheza. Anayejua kucheza hulala na njaa. Haya, simameni wawili wawili, niwafundishe.

Ngano nimeipakua, chungu nimekiosha. Mwenye njaa bado apike yake.