Blanketi la Mama Mkwe

Usinibinulie mdomo kabla hujasikia. Kwani wewe ulikuwepo?

Tajiri Lugembe alitaka kujenga ghala kwenye mbuga, malisho pekee ya kijiji. Akaja mkutanoni kwenye ofisi ya kijiji, pamoja na baba yake mdogo, mzee wa mila, ili aonekane mtu wa heshima.

Bibi Ng'washi, ambaye nyumba yake ilitazamana na mbuga ile, akasimama.

"Mwanangu, mgeni hapewi ardhi, lakini mkwe hanyimwi. Nivishe blanketi, kama mila inavyomtaka mkwe, niwe mama mkwe wako."

"Hilo tu?" Lugembe akacheka. Akaagiza blanketi dukani, akamvisha mbele ya watu wote. "Haya, mama mkwe, nipe mbuga."

"Chukua. Ila mlango wangu unatazama wapi?"

"Mbugani."

Baba mdogo akashika kichwa. "Umetuaibisha! Mkwe anajengaje mbele ya mlango wa mama mkwe, amchungulie akitoka kuoga? Hakuna wa ukoo wetu atakayekanyaga pale. Inuka twende!"

"Lakini sijaoa!"

"Mke subiri nizae binti," alisema bibi. "Blanketi nimeshapokea. Tena mtu na mkwewe hawakai chumba kimoja, na mimi nimefundwa."

Akajifunika blanketi usoni, akatoka, akafunga mlango wa ofisi.