Mshale wa Mbonea

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana simu zilikwisha kuanza kulia darasani na chaki zilikuwa hazijaisha, palikuwa na chuo kilichohitaji mhadhiri msaidizi wa biolojia. Nafasi ilikuwa moja. Wanafunzi wa uzamili waliokuwa wakijifunza kufundisha walikuwa watatu: Lwitiko, Shangwe na Mbonea.

Mbonea aliitaka nafasi ile kuliko wote. Kwao Upareni walikwisha kumwita Mwalimu wa Chuo, na mama yake alishashonesha gauni la kuendea kumpongeza. Sasa arudi akaseme nini?

Profesa Mlowe, mama aliyewafunda kazi hiyo, akawaita. "Wanangu, kila mmoja atafundisha mwaka wa kwanza mara moja. Somo ni lilelile, osmosisi: namna maji yanavyopita kwenye utando wa seli. Ijumaa nitamwita mtu mmoja wa benchi la nyuma aje awafundishe wenzake. Akiweza, aliyemfundisha ndiye mwenye kazi."

Benchi la nyuma alikaa binti aitwaye Sikujua. Mfukoni alikuwa na fomu ya kuhama kozi, kaijaza yote, imebaki saini.

Jumatatu akaingia Lwitiko. Huyu kajaliwa ulimi. Alieleza maji yanavyopanda toka mzizini hadi jani la juu kabisa, hata wachezea simu wakazisahau simu. "Mmeelewa?" "Tumeelewaaa." Sikujua hakuelewa kitu, lakini alitoka darasani moyo umemjaa. Ile fomu akaichana.

Jumanne akaingia Mbonea. Kwa woga akashika notisi za zamani za kaka yake, akanakili mchoro ubaoni. Chumvi huku, seli kule, mshale wa maji ukitoka kwenye chumvi kuingia kwenye seli. "Mmeelewa?" "Tumeelewaaa." Akageuka afute ubao, ndipo akauona mshale. Umeelekea siko. Jasho likamtoka, na Profesa Mlowe kakaa palepale nyuma na kalamu yake.

"Jamani, nimekosea," akasema. "Maji hutoka kwenye seli kuifuata chumvi. Lakini nanyi mlisema mmeelewa. Mlielewa nini?"

Darasa likaangua kicheko, naye akacheka huku machozi yakimlengalenga. Sikujua akanyoosha mkono.

"Madam Mbonea, mimi sijaelewa. Tangu wiki ya kwanza sijaelewa. Huwa naitikia tu."

Kipindi kikaisha kabla Mbonea hajamjibu.

Jumatano akaingia Shangwe, habari kaishazipata. Hakugusa chaki. Alikwenda moja kwa moja akaketi na Sikujua.

"Kwenu mnatengeneza kachumbari?"

"Tunatengeneza."

"Ukishatia chumvi ukaiacha kidogo, chini ya bakuli unakuta nini?"

"Maji."

"Kayamimina nani?"

Sikujua akawaza. Shangwe akanyamaza, akamngoja, akamngoja tena.

"Hakuna aliyeyamimina. Yametoka kwenye kitunguu. Yameifuata chumvi." Akajishika kichwa, akacheka peke yake. Wenzake sitini walipiga soga mpaka muda ukaisha.

Ijumaa Sikujua akaitwa mbele. Akaanza na kachumbari, akaishia kwenye mizizi ya mti. Safari hii hakuna aliyeitikia tumeelewa. Waliuliza maswali, naye akayajibu moja baada ya jingine. Profesa akawaita wale watatu ofisini, na Sikujua pia.

Lwitiko akasema, "Bila mimi huyu angekuwa kozi nyingine. Asiyekuwapo hafundishiki."

Shangwe akasema, "Bila mimi angekuwapo, na asingejua kitu. Kulipenda somo si kulijua."

"Wewe ulimshika mmoja ukawatupa sitini."

"Na wewe uliwashika sitini, ukamfundisha nani?"

"Na wewe, Mbonea?" akauliza Profesa.

"Bila mimi asingesema hajaelewa. Shangwe angejuaje wa kwenda kukaa naye?"

Profesa akavua miwani. "Nikuulize, mwanangu. Wako walimu mabingwa hukosea makusudi ili waliamshe darasa. Ule mshale ilikuwa mbinu?"

Mbonea akaelewa anapewa nini. Neno moja tu, ndiyo, na kazi ni yake. Alilitamani neno lile, likamfika mpaka ulimini.

"Hapana, Profesa. Nilikosea kweli."

Profesa akamgeukia Sikujua. "Haya, sema wewe. Nani kakufundisha?"

"Profesa, nisamehe. Kila nikijaribu kumtoa mmoja wao, najiona sifiki Ijumaa."

Barua iko mezani, imepigwa muhuri tayari, na pengo la jina ni moja tu. Haya, wasikilizaji wangu, kalamu nawapeni ninyi. Yuko aliyemfanya abaki, yuko aliyemfanya aseme, yuko aliyemfanya ajue. Je, kazi ile alistahili nani, na hao wawili wengine mtawatazama usoni muwaambie nini?