Nungunungu Nyuma ya Kichuguu

Paukwa!
— Pakawa!
Mbona waliokaa nyuma hawajaitika? Paukwa!
— Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walikuwa na mwalimu wa ngoma. Alikuwa Korongo. Shingo ndefu, miguu myembamba, mabawa mapana. Akiruka, anaruka kweli. Kila asubuhi alisimama mbele akasema, "Nitazameni! Fanyeni kama mimi!"

Swala akaruka. Tumbili akaruka. Hata Kobe aliruka, yaani alijaribu, akaanguka chali, pu!

Nungunungu naye alikuwamo. Akiruka, miba yake inalia chakacha, chakacha. Akigeuka, inamchoma jirani.

"Yalaa! Umenichoma!" Swala akapiga kelele.

"Samahani, ndugu yangu."

Korongo akasema, "Nungunungu, rudi nyuma kidogo."

Akarudi nyuma. Kesho yake, nyuma tena. Keshokutwa, nyuma zaidi. Siku ya saba alikuwa mbali, hata sauti ya mwalimu haimfikii. Anaona mdomo tu unafunguka na kufumbika. Siku ya nane hakuja, na ngoma ikaendelea.

Alikaa nyuma ya kichuguu, peke yake. Upweke hauna meno, wasikilizaji wangu, lakini unatafuna. Asubuhi anaisikia ngoma, ti-ti-ndi, ti-ti-ndi. Anaziba masikio. Miguu haizibiki! Basi akainuka. Hakuruka. Alikanyaga, akazunguka polepole, akatikisa mgongo. Chakacha, chakacha, cha! Alicheza huku analia. Akacheza hivyo siku baada ya siku, hata akasema moyoni, "Kesho nalihama bonde hili."

Hiyo kesho, kabla Nungunungu hajaondoka, Korongo alipita pale akitafuta kumbikumbi. Akasikia chakacha, chakacha, cha! Akachungulia. Akasahau kumbikumbi.

Nungunungu akamwona, akasimama ghafla. "Nisamehe, Mwalimu. Najua nakosea."

"Nani amekufundisha hayo?"

"Hakuna. Nilikuwa peke yangu."

"Tangu lini?"

"Siku ya ishirini leo, Mwalimu."

Ishirini! Korongo hakuwa na habari. Aibu ikamshika, akainamisha shingo. "Mwanangu, leo mimi ndiye mwanafunzi. Nionyeshe."

Nungunungu akakanyaga. Korongo akakanyaga vilevile, miguu ikapishana vibaya, akaanguka. Nungunungu akacheka, halafu akasema taratibu, "Usinifuatishe mimi, Mwalimu. Wewe una mabawa. Cheza na hayo."

Maneno hayo Korongo aliyatia moyoni. Aliondoka nayo.

Asubuhi iliyofuata alimwita Nungunungu, kisha hakusimama mbele ya darasa. Alikaa chini. "Leo sionyeshi. Kila mmoja anionyeshe mwili wake unavyotaka kucheza."

Wanyama wakatazamana. Kobe akaanza, akajizungusha juu ya gamba lake, zuru zuru zuru! Wakashangilia. Zamu ya Nungunungu ilipofika, Korongo akasema, "Mpeni nafasi. Si kwa kumkimbia, bali apate kugeuka."

Nungunungu alicheza katikati, kwanza kwa woga. Kisha akakanyaga kwa nguvu, chakacha, chakacha, cha! Alipomaliza, hakuna aliyeweza kumkumbatia, kwa ile miba. Lakini Swala alimsogelea, akasimama hatua mbili kutoka kwake.

"Kesho utakuja?"

"Nitakuja," akasema Nungunungu.

Funzo ni hili: mwalimu mwema hamfanyi mwanafunzi kivuli chake, humtazama, humwuliza, humpa nafasi acheze alivyo.

Hadithi yangu inaishia hapa. Wenye miguu na wainuke.