Walimu Waliokwenda Kula Muhogo kwa Bi Riziki

Paukwa!

Pakawa!

Nimekuja na mzigo kichwani. Niutue?

Utue!

Hapo zamani za kale, kijiji kimoja kilikuwa na chuo cha Kurani, na chuo kilikuwa na walimu wawili. Mkubwa alikuwa Bi Mwanakheri, aliyewasomesha mama za watu na bibi za watu. Mdogo alikuwa Mwalimu Faki, ambaye naye alisomeshwa na Bi Mwanakheri. Bibi alikuwa na maneno machache. Faki alikuwa na bakora.

Desturi ilikuwa hivi. Mzazi akimleta mtoto chuoni husema, "Mwalimu, nyama yako, mifupa yangu." Yaani mpige, ila usimvunje. Mwalimu hujibu, "Nimepokea." Basi, mzazi huenda zake. Mtoto mgeni huketi nyuma kabisa, mlangoni, na kila akimaliza sura husogea mbele.

Bi Riziki, mjane msokota kamba, akamleta binti yake, Kibibi. Akasema yanayosemwa, Bibi akajibu yanayojibiwa.

Kibibi akaketi mlangoni. Wenzake wakasoma, Kibibi kimya. Wenzake wakasogea, Kibibi palepale. Faki akamuuliza, Kibibi kimya. Bakora ikashuka, chwa! Kibibi akalia. Kisha kimya.

Mwezi wa tatu tangu Kibibi aletwe, watoto walipokwisha kutawanyika, Faki alimwendea Bibi. Akasema mtoto yule ni jeuri, kesho arudishwe kwao. Jambo hilo halikuwa dogo. Mtoto aliyerudishwa na chuo kile hakupokewa na chuo kingine, na watu walimwita mjinga mpaka uzeeni.

Bibi hakubisha. Aliuliza tu kama Faki amewahi kufika kwa kina Kibibi. Faki akasema hajawahi.

"Hata mimi," Bibi akasema. "Twende tukale."

"Tumealikwa?"

"Hatukualikwa. Bakora iache."

Wakamkuta Bi Riziki uani anasokota kamba. Pembeni, Kibibi amewapa mgongo, anaponda makumbi ya nazi kwa mchi. Pu! Pu! Pu! Bi Riziki alipowaona walimu, kamba ikamponyoka. Alijua walimu hawaji nyumbani kwa mtu ila kurudisha mtoto. Lakini mgeni ni mgeni. Akawatandikia mkeka, akawapakulia muhogo wa nazi.

Maji ya kunawa yalikuwa kwa Kibibi. Bi Riziki hakumwita. Alifinyanga kidonge cha usumba, zile nyuzi za makumbi, akakirusha, kikamgusa mtoto begani. Mtoto akageuka. Akamtazama mama yake mdomoni alipotamka, "Maji." Akainuka, akaleta maji.

Pu! Pu! Pu! Kazi ikaendelea.

Bibi aliona. Akamtazama Faki. Faki naye alikuwa ameona.

"Mama Kibibi," Faki akasema, "kwa nini hukumwita?"

Bi Riziki aliiokota kamba yake. Kisha akaeleza kwamba mwaka juzi mtoto aliugua homa. Ilipoondoka, iliondoka na sikio moja, na la pili ikaliacha nusu.

"Mbona hukutuambia?"

"Ningeyatia wapi maneno hayo, Mwalimu? Nimesema nyama yako, mifupa yangu, mkasema mmepokea. Maneno yakaisha hapo. Na kama ningesema, mngemchukua?"

Faki akaweka tonge chini. "Nimempiga kwa kutosikia," alisema. "Nisamehe, mama."

"Kosa lilianza kwangu," Bibi akasema. "Mimi ndiye niliyepokea bila kuuliza."

Bi Riziki akawatazama wote wawili. "Kuleni basi. Muhogo haujamkosea mtu."

Njiani Bibi hakumkanya Faki, wala hakumwambia la kufanya. Kesho yake Faki mwenyewe alimshika Kibibi mkono, akamtoa mlangoni, akamketisha mbele, uso kwa uso. Chuo kizima kikanung'unika. Mvulana mmoja akasema huyu hajamaliza hata sura moja. Faki akasema atakayeona wivu na aje aponde makumbi. Wakacheka.

Faki akatamka taratibu. Kibibi akamtazama mdomo. Akatamka. Faki akaongeza. Kibibi akafuata. Sura ya kwanza akaimaliza kwa siku nane.

Miaka ikapita. Siku ya hitima yake, alipoimaliza Kurani nzima, Kibibi alisoma mbele ya watu, na sauti yake ikavuka ua, ikavuka kisima, ikafika mashambani. Mzee mmoja akaziba masikio, akasema mtoto huyu anapiga kelele.

"Mwache," Bi Mwanakheri akasema. "Anataka naye ajisikie."

Tangu siku zile, walimu wa kijiji kile hawampokei mtoto kabla ya kwenda kula kwao. Ndiyo maana, watu husema, hujawahi kuona huko mwalimu mwembamba.

Nanyi mnaofundisha, sikieni: mtoto hajulikani kwa kuketi mkekani kwako, hujulikana kwa wewe kuketi mkekani kwao.

Mzigo nimeutua. Hadithi yangu imekomea hapa, na aliye na yake ailete.